Kiyoyozi cha Mzee Lami

Mke wangu ni fundi wa viyoyozi, na mimi ni mbeba ngazi wake. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanicheka katikati ya habari; anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Kiwanda nilichokuwa nikikiendeshea lori kilipofungwa, nilishinda nyumbani nikikodolea macho dari, mpaka asubuhi moja akanirushia funguo za pikapu yake. "Baba, inuka," alisema. "Hiyo dari haitaanguka hata usipoilinda." Tangu hapo mtaani wananiita Baba Ngazi. Yeye wanamwita Mama Baridi.

Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono midogo inayopenya mahali ambapo mikono ya mafundi wengine hukwama. Ufundi aliupata kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza majokofu, na maneno makali aliyapata hukohuko. Mashine huitukana kwanza, kisha huipapasa, kisha huifungua. Kwake hakuna dhambi kubwa kuliko kubandika kipya juu ya kibovu. Akikuta kiyoyozi kimekufa hukitoa chote, na skrubu zake na vumbi lake, mpaka aone mbao au saruji tupu, ndipo aweke kingine. Nimemwona akibomoa kazi ya siku nzima kwa ajili ya kipande cha raba kilichokaa upande, na mteja kasimama hapo analia kwamba ameridhika.

Tena haamini kitu asichoweza kukifungua. Majini, mizimu, macho ya watu, vyote hivyo kwake ni waya uliolegea mahali fulani. Mimi si hivyo. Mimi nikisikia kitu kimekwaruza darini nageukia ukutani na kujifunika gubigubi, na yeye ndiye huchukua tochi akaenda kutazama. Tumeishi vizuri kwa mgawanyo huo wa kazi.

Mzee Lami alikuja mwenyewe kibandani kwetu asubuhi, amevaa koti. Joto la siku zile lilikuwa si mchezo. Barabara ilikuwa ikinata kwenye soli, na sisi tulikuwa tumejikunja chini ya feni kila mmoja akimwonea mwenzake kijicho cha upepo. Naye kavaa koti zito, amelifunga hadi shingoni.

Jina la Lami alilipata kwa kazi. Maisha yake yote alifanya kazi na wajenzi wa barabara, akilala na mkewe ndani ya karavani, yaani kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari. Barabara ikisonga, nao wanasonga. Alipostaafu kampuni ikamwachia kijumba chake, akakiegesha katika kiwanja nyuma ya banda la mziba pancha, na hapo magurudumu yakaisha upepo. Mkewe alifariki humo, msimu wa joto uliopita.

"Nataka kiyoyozi, mwanangu," alimwambia mke wangu. "Kile kilichojengewa ndani ya kabati kimekufa zamani. Nataka kingine, na nakitaka leo."

"Leo haiwezekani, mzee. Nina kazi za watu."

"Alasiri binti yangu anakuja kunihamisha. Akikuta kiyoyozi kinafanya kazi, ataniacha nikae. Asipokikuta, ananichukua kwake, na karavani inakwenda kwa wauza vyuma chakavu."

Mke wangu alinitupia jicho. Tulidhani tumeelewa: binti anaogopa baba yake asije akaiva ndani ya bati. Kazi za watu zikasubiri. Tulipakia kiyoyozi kidogo cha kupachika, tukapakia ngazi ambayo ilikuwa wazi kabisa haitahitajika, lakini mimi bila ngazi najiona uchi, tukaondoka na mzee katikati yetu. Njia nzima alikuwa anasugua viganja vyake.

Karavani ilikuwa imeegemea ukuta wa uani, rangi imebabuka, madirisha yote yamefungwa. Mzee aliufungua mlango kiasi cha kupitisha bega, akajipenyeza ubavuubavu. "Ingieni upesi," alisema. "Upesi, nifunge."

Niliingia wa mwisho, na mwili ukanisisimka. Ndani kulikuwa na baridi. Sisemi ubaridi wa kivulini. Nasema baridi ya bucha, ile ya chumba cha nyuma wanakotundika nyama. Pumzi yangu ilikuwa inaonekana. Nje, hatua chache tu kutoka pale, mziba pancha alikuwa kifua wazi anajipepea na kipande cha boksi.

"Mzee, kumbe kinafanya kazi," mke wangu alisema.

Mzee akatikisa kichwa.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba: jiko dogo upande mmoja, meza ya kukunja, kabati la nguo, na kitanda cha watu wawili kilichojaza nyuma yote. Pazia zilikuwa zimebanwa kwa vibanio vya nguo, na kingo za madirisha zimezibwa kwa utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka. Mke wangu alipiga magoti mbele ya kabati, akafungua skrubu za uso wa kiyoyozi, akamulika. Vumbi. Kiota cha panya. Waya umekatika, ncha zake zimeota kutu. Aliingiza mkono mpaka kwenye kompresa, akautoa mweusi.

"Hiki hakina gesi hata ya kunusa," alisema. "Kimekufa miaka."

Alitoa kipimajoto chake cha kamba, akakining'iniza mlangoni, akakitazama. Akakipeleka jikoni, akakitazama. Kila aliposogea nyuma kilishuka. Juu ya kitanda, upande wa ukutani, kilishuka mpaka akakigongagonga kwa kucha akidhani kimeharibika. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, mito miwili. Upande wa ukutani shuka lilikuwa limebonyea kidogo, kama linavyobonyea mtu akijilaza juu yake bila kulifunua. Niliangalia pembeni, nikaangalia tena. Nilidhani limebonyea zaidi. Sikuangalia mara ya tatu.

"Ni mama yake binti yangu," mzee alisema, na alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetutambulisha. "Alikuwa mtu wa kuteswa na joto. Kila kambi alilalamika, na kila mwaka nilimwambia, nitakuletea fundi, vumilia. Sikuleta. Tulipomzika nikarudi hapa, nikalala upande wangu, nikaamka nimejikunyata. Sasa amepata baridi yake. Mimi nimenunua koti, basi."

Mke wangu alikuwa akikunja kamba ya kipimajoto.

"Binti yangu alikuja kunitembelea, akaketi pale kitandani, upande wa ukutani. Alitoka mbio peku. Anasema ama nimechanganyikiwa, ama humu mna kitu, na vyovyote iwavyo silali tena hapa. Nikamdanganya kwamba ni kiyoyozi, basi tu siku ile nilikuwa nimetoka kukizima. Akasema sawa, atakuja akione kikiwaka. Nikiwa na mashine, hii baridi itakuwa na sababu. Ataniacha na mama yake. Sitaki kingine."

Nakiri nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango.

"Kile kibovu msikitoe," mzee aliendelea. "Bandikeni kipya mbele yake. Dirisha msifungue. Na ukuta usiachwe na tundu, mwanangu. Hata kidogo."

"Mzee, kipya lazima kipumulie nje. Lazima kipite palepale kilipo kibovu. Nikibandika tu mbele, hakitafika hata jioni."

"Basi tundu lisikae wazi."

"Nitatoa na kuweka papo hapo."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi," mke wangu alisema, kwa sauti ileile anayowaambia watoto kwamba sindano haiumi. Mzee alimtazama kwa muda. Kisha, kwa kuwa watu watatu humo walikuwa wengi na nyonga yake haikumruhusu kusimama, alitoka ubavuubavu, akaenda kukaa kwenye benchi la mziba pancha.

"Mama," nilinong'ona. "Twende zetu."

"Twende wapi?"

"Popote. Si umesikia alichosema?"

"Nimesikia mzee aliyefiwa. Kijumba kiko kwenye kivuli cha ukuta, kuta zake zina sponji ndani, na madirisha kayaziba. Kinatunza baridi ya usiku, ndiyo hiyo tu."

"Baridi ya usiku gani? Si jana tumelala sakafuni, jasho likitutoka puani!"

"Lete drili, Baba Ngazi."

Nilileta. Ndivyo tulivyo: mimi husema, yeye huamua, halafu mimi hubeba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashine ya aina ile hukaa chini ya kabati, uso wake ukitazama chumbani na mgongo wake ukipenya ukuta kutoa joto nje. Yeye alikuwa ndani anasukuma, mimi nilikuwa nje navuta. Ilikuwa imeng'ang'ania. Aliitukana mpaka mziba pancha akacheka kwa mbali, na mwishowe ikalegea, ikatoka yote kwa mkupuo, nikabaki nayo kifuani na kutu imenijaa shati. Ukutani pakabaki tundu la mraba, na ndani ya tundu, uso wa mke wangu.

"Weka kipya," nilimwambia. "Haraka."

"Mbao imeoza," alisema. Nilimwona akiitoboa kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kama kwenye ndizi. "Rafu yote ya chini imeoza. Nikiikalisha mashine juu ya hii, itadondoka."

"Funika kwanza. Chukua ubao ufunike."

"Nitakata vipi nikiwa nimefunika?"

"Umemwahidi mzee."

"Nimemwahidi kiyoyozi kinachokaa," alisema, na msumeno ukaanza.

Ningeweza kusema ni kiburi, lakini sicho. Mke wangu hawezi kuweka kitu kizima juu ya kilichooza. Mikono yake inakataa. Alikata mbao mbovu mpaka akafika penye mbao nzima, akapima, akakata nyingine, akaona imepungua nukta, akaitupa, akakata tena. Muda wote huo tundu liko wazi, jua la adhuhuri linachungulia ndani, na mimi nimesimama nje na lile zigo, sijui niliweke wapi.

Ndipo ile baridi ilipotoka.

Sikuiona kwa macho, na sitatia chumvi. Nilianza kuhisi baridi miguuni, kwenye vifundo, halafu kwenye magoti. Haikuja kwa kasi kama upepo. Ilikuwa inashuka kutoka kwenye lile tundu taratibu, na ilipofika chini ilisimama. Ilisimama mbele yangu pale kwenye saruji iliyokuwa ikiwaka, kama anavyosimama mtu aliyekaa ndani muda mrefu akisubiri macho yazoee mwanga. Meno yalinigongana. Nilitaka kumwita mke wangu na ulimi ukagoma. Kisha miguu yangu ikapata joto tena, na nikajua imenipita.

Paka wa mziba pancha alikuwa amelala ndani ya tairi bovu katikati ya uwanja. Aliinuka, akaruka nje, akakaa kando na kutazama njia, kichwa chake kikigeuka polepole kufuata kitu kilichokuwa kikienda bandani.

"Nani kafungua friji?" mziba pancha aliuliza. Aliacha kujipepea, akashika mabega yake mwenyewe, akacheka kicheko kisichojua kinacheka nini.

Mzee Lami alikuwa amesinzia kwenye benchi kando yake, kidevu kifuani, koti limefungwa. Hakuamka. Lakini nilimwona, na hili naliona hadi leo nikifumba macho: alijisogeza. Usingizini vilevile, alijivuta kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa ukutani, na mkono wake wa upande huo akaulaza wazi juu ya ubao. Uso wake ukatulia. Alikaa hivyo, na mziba pancha akakaa akijikunyata, na paka akatazama. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha kile kipande cha boksi kikaanza tena kupepea, na mziba pancha akasema, "Aa, limerudi joto letu."

"Baba Ngazi!" Mke wangu alikuwa ananiita kutoka ndani. "Mbona humu kumekuwa moto ghafla?"

Uso wake ukatokea tunduni, umelowa jasho. Alinitazama, akatazama ninakotazama mimi, akamwona mzee amelala na nafasi ile kando yake. Alitoa mkono nje, akaupapasa upepo kama anavyopapasa mashine, juu, chini, kushoto. Hewa ilikuwa ya moto. Nimemjua mwanamke huyu tangu ujana wetu, na sikuwa nimewahi kumwona ameogopa.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka, mama."

Akarudi ndani. Sikusikia tusi lolote baada ya hapo. Alikalisha mashine mpya juu ya mbao zake mpya, akazungushia raba, akaziba kila upenyo kwa silikoni na kuulainisha kwa kidole, akarudia, akarudia tena. Alilifunga tundu lile kwa namna ambayo hata maji yasingepita. Nilitaka kumwambia atulie, haidhuru tena, lakini nikampa tu alichoomba.

Alipowasha, mashine haikutoa hata mtetemo. Baridi ilianza kuja kutoka kabatini, nzuri, ya sawasawa, yenye harufu ya plastiki mpya.

Binti alifika na begi kubwa tupu la kupakilia nguo. Ni msusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, lakini mlangoni sauti ilimwishia. Hakutaka kuingia. Alisimama kwenye kipago, akaingiza mkono peke yake, kama anayepima maji ya kuoga.

"Kuna baridi," alisema.

"Ni kiyoyozi," mke wangu alimjibu akiwa ameangalia chini.

Binti akaingia hatua moja. Akaweka kiganja mbele ya mashine, akakitoa, akakirudisha. Akajikaza, akaenda mpaka kitandani, akabonyeza shuka upande wa ukutani kwa ncha za vidole, kisha kwa mkono mzima, kisha akakaa. Machozi na kicheko vilimtoka pamoja.

"Jamani! Kumbe ni mashine tu! Na mimi nikakimbia peku barabarani, watu wananiona!" Alichungulia mlangoni akamwita baba yake. "Baba, njoo! Nisamehe, baba. Nilidhani umeanza kupotea. Basi, kaa. Sikuhamishi tena. Kaa kwako."

Mzee Lami alikuwa ameamka na anakuja polepole, anatabasamu. Alikuwa ameshinda. Safari hii mlango ulikuwa wazi, na hakusema tuufunge. Aliingia, akampapasa binti yake begani, akaiangalia mashine na kumwinamishia kichwa mke wangu kwa shukrani. Kisha akapita hadi nyuma, akakaa upande wake wa kitanda, akapeleka mkono upande wa ukutani.

Mkono ulikaa pale. Aliusogeza kwenye mto, akauingiza chini ya mto, akauvuta hadi penye miguu. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini halikuwa na kazi tena. Alifungua kifungo cha juu cha koti, halafu cha pili.

"Tundu lilikaa wazi?" aliuliza.

Mke wangu angeweza kusema hapana. Mimi ningesema hapana, tena ningeapa.

"Lilikaa, mzee."

"Muda mrefu?"

"Mbao ilikuwa imeoza," mke wangu alisema. Alifunika uso kwa ile mikono yake yenye silikoni, akalia mbele ya wateja, jambo ambalo hajawahi kulifanya wala hajalifanya tena. Binti alikuwa anamtazama huyu, anamtazama yule, begi limemning'inia mkononi.

Mzee hakumgombeza. Alimaliza kuvua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mto wa ukutani.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "fungua kabati. Nipakilie nguo."

"Baba, si nimesema ubaki?"

"Nibaki na nani?"